Namba Moja Haitoshi, Niambie Muda Wako

Wadogo zangu wa Kilosa na Mikumi, leo najibu swali ambalo mnaniuliza kwa maneno tofauti, lakini ni lile lile: "Dada, nilishika namba moja UMISSETA wilayani. Nilipofika Morogoro nikaachwa mbali hadi nikaona aibu. Tatizo ni nini?"

Kabla sijakujibu, nami nakuuliza: ile mbio uliyoshinda kwenye mashindano hayo ya shule za sekondari, ulikimbia kwa muda gani? Wengi hamjui. Mnakumbuka nafasi, mnamkumbuka aliyeshika namba mbili, mnakumbuka shule ilivyoshangilia. Lakini nafasi inakwambia tu kwamba uliwashinda waliokuwepo siku ile. Haisemi lolote kuhusu binti wa Ifakara au Gairo ambaye hujawahi kumwona, na yeye ndiye utakayekutana naye mkoani. Kadiri unavyopanda, ndivyo watu wanavyoacha kuuliza ulishika namba ngapi na kuanza kuuliza muda.

Tazameni mkimbiaji wetu Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3:32.2 na kuvunja rekodi ya dunia. Miaka 50 baadaye, kiwango cha wanaume kufuzu mbio hiyo kwa Olimpiki ya Paris kilikuwa 3:33.50. Muda wa Bayi wa mwaka 1974 ungempeleka Paris! Hatuhitaji kubishana vijiweni kuhusu ubora wake, kwa sababu muda uliandikwa.

Basi pimeni, na muandike. Anzeni na kipimo cha dakika 12, kilichotangazwa mwaka 1968 na Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani. Unakimbia dakika 12, saa ikiisha unaangalia umefika wapi. Tepu ya fundi na kamba ya katani vinatosha: pima kamba ya mita 20, kisha zungukeni nayo uwanja wa shule. Uwanja wenye urefu wa mita 100 na upana wa 60 una mzunguko wa mita 320, kwa hiyo raundi nane ni mita 2,560. Toa 504.9, gawanya kwa 44.73, unapata kama 46. Hayo ni makadirio ya mililita za oksijeni ambazo kila kilo ya mwili wako inaweza kutumia kwa dakika. Wanasayansi walipowapima maabara wakimbiaji 16 wa kiwango cha dunia, wakitafuta wa kujaribu marathon chini ya saa mbili, wastani wao ulikuwa 71. Usivunjike moyo. Namba yako ya kwanza inakuonyesha unaanzia wapi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza faida. Chukueni mabinti wawili wanaokimbia mita 1,500 kwa dakika 5:30. Kwa nafasi na kwa muda wako sawa, na kocha mwenye haraka atawapa mazoezi yale yale. Wapime zaidi. Wa kwanza anakimbia mita 200 kwa sekunde 29, lakini katika dakika 12 anaishia mita 2,650. Wa pili anafika mita 3,000, ila mita 200 zinamchukua sekunde 34. Wa kwanza ana kasi, pumzi ndiyo inayomwangusha. Anahitaji mbio ndefu za polepole, dakika 40 au 50, mara mbili tatu kwa wiki. Wa pili pumzi anayo. Mwongezee mbio fupi za mita 60 za nguvu zote, apumzike vya kutosha kati ya moja na nyingine, na vipande vya kupanda mlima, ambavyo Kilosa havikosekani. Mkiwabadilishia mazoezi hayo, kila mmoja atatumia miezi mitatu kunoa kile ambacho tayari anacho. Naumia nikiwaza vipaji vinavyokwama hivyo, na mtoto anaambiwa hajitumi.

Wachezaji wa mpira, msijitoe. Beki wa pembeni apime mita 30 za kasi. Kipa ashike chaki, aweke alama ukutani akiwa amesimama na mkono juu, kisha aruke na kuweka nyingine; tofauti ya alama hizo ndiyo nguvu yake ya kuruka. Na binti unayependa soka lakini timu hazikuoni, uamuzi ni njia ya kweli. Mwamuzi Jonesia Rukyaa wa hapa Tanzania amefika ngazi ya FIFA akiwa na filimbi. Ila huko kipimo hakikwepeki. Kile cha FIFA kilichotumika kwa miaka mingi kina mbio sita za mita 40, kisha mizunguko kumi ya kukimbia mita 75 na kutembea 25, mara nne kila mzunguko. Kwa wanawake, zile 75 zimalizike ndani ya sekunde 17.

Pimeni kila baada ya wiki sita hivi, uwanja ule ule, viatu vile vile, alfajiri kabla joto la bondeni halijapanda. Siku moja kabla, pumzika. Kama umetoka kuugua malaria, usijipime kabisa hadi upone na nguvu zirudi. Ukisikia maumivu kifuani au kizunguzungu, simama na uende zahanati. Na ninyi wa Mikumi, barabara kuu inayokatiza hifadhini kwa kilomita kama 50 si ya mazoezi, hata kama lami inavutia. Malori yapo, tembo wapo, na simba wapo.

Mabinti, haya ni yetu. Namba zikishuka vipimo viwili mfululizo na unafanya mazoezi vizuri, omba kupimwa wingi wa damu. Hedhi nzito na chakula kisicho na madini ya chuma vinaweza kukumaliza pumzi huku watu wakikuita mvivu. Hedhi ikikatika kwa miezi kwa sababu ya mazoezi, usidanganywe kwamba ndiyo dalili ya kuiva. Mara nyingi mwili unasema chakula hakitoshi, na mifupa inalipa. Kula, kisha uende hospitali.

Jambo jingine nalisema bila kuzunguka. Vipimo vyote nilivyotaja vinafanyika uwanjani, mbele ya watu, ukiwa umevaa nguo zako za michezo. Hakuna kipimo cha mbio kinachohitaji chumba kilichofungwa wewe na kocha peke yenu. Akikuita hivyo, kataa, ondoka, umwambie mama au mwalimu unayemwamini siku hiyo hiyo. Nafasi ya timu ya mkoa haihitaji uvumilie hilo.

Ukishakuwa na vipimo vitatu au vinne kwenye kaunta buku lako, vyenye tarehe na jina la aliyeshika saa, mpelekee mwalimu wa michezo. "Shikamoo mwalimu, naomba unitazamie hizi namba." Mwombe akupeleke kwa afisa michezo wa wilaya kabla timu haijachaguliwa, kwa sababu ukisubiri hadi siku ya mchujo, utakuwa umechelewa. Usijipunguzie sekunde hata moja, maana mkoani watakushikia saa wenyewe. Na rafiki anayekushikia saa asibaki kuwa mshika saa tu. Naye apimwe asubuhi hiyo hiyo, wewe ukiishika.