Shule ya Umma Si Mali Isiyo na Mwenyewe

Katika mabaraza mengi ya Kenya malalamiko juu ya shule za umma hufanana. Mwalimu wa hesabu amehama wala hakuletwa mwingine. Vyoo vimejaa. Watoto wamebanana darasani hata hakuna nafasi ya kuweka daftari. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya fedha, hali shule yasemwa kuwa ni ya bure. Malalamiko haya ni ya haki. Lakini mara nyingi jua hutua, baraza likavunjika, na watu wakarudi makwao bila kujua ni nani hasa apasaye kuulizwa. Mzazi humlaumu mwalimu mkuu, mwalimu mkuu huilaumu Serikali, na Serikali huwalaumu wasimamizi wa shule. Wakati huo mtoto anapoteza mwaka, na mwaka wa mtoto haurudi.

Wahenga walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli kwamba shule ya umma ina manahodha wengi. Lakini sheria imemwekea kila mmoja zamu yake. Anayezijua zamu hizo hapotezi siku zake kwa kubisha mlango usio wake.

Mambo yalivyoanza

Watu wa nchi hii hawakukaa tu kungoja kuletewa shule. Mabaraza ya wenyeji yaliyoanza kazi katika mwaka wa 1925 yalichangisha fedha kwa ajili ya elimu, na baada ya Uhuru wa 1963 shule nyingi za sekondari zilijengwa kwa Harambee. Aliyekuwa na fedha alitoa fedha, na asiyekuwa nazo alitoa nguvu za mikono yake. Kwa hiyo shule ilikuwa na wenyewe, nao walijulikana.

Katika mwaka wa 1974 Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta iliondoa karo katika madarasa manne ya kwanza. Watoto walimiminika shuleni. Lakini haukupita muda mrefu shule zikaanza kutoza fedha za majengo, na mahali pengi mzigo huo ulikuwa mzito kuliko karo iliyoondolewa. Michango hiyo ilikatazwa katika 1979, kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 wazazi wakatakiwa tena kuchangia gharama.

Januari 2003 Serikali ya Rais Mwai Kibaki ilitangaza elimu ya msingi bila malipo. Wanafunzi waliokuwa karibu milioni 5.9 waliongezeka hata kufika karibu milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, karibu na Eldoret. Nchi nyingi zilistaajabu. Serikali iliahidi shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka.

Historia hii ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba karo ikitolewa mlangoni huweza kurudi kwa dirisha, ikiwa na jina jingine, pasipo mtu wa kuuliza. La pili ni kwamba neno “bure” liliwaletea maskini nafuu kubwa, lakini wako waliolielewa vibaya, wakadhani kwamba kitu cha bure hakina mwenyewe. Shule ya bure hulipiwa kwa kodi. Basi kila anayenunua sukari au sabuni dukani ameilipia.

Zamu ya kila mmoja

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, yasema kwamba kila mtoto ana haki ya kupata elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Ili haki hiyo itimizwe, kazi zimegawanywa.

Serikali ya taifa ndiyo yenye mzigo wa shule za msingi na za sekondari: mtaala, mitihani, fedha za kila mwanafunzi, na ukaguzi. Tangu 2018 vitabu vya masomo vimekuwa vikinunuliwa na Serikali yenyewe na kupelekwa moja kwa moja shuleni.

Serikali ya kaunti ina shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Hapa ndipo watu wengi hukosea njia. Wazazi huenda kwa Gavana kuomba mwalimu wa darasa la sita, hali Gavana hana uwezo wa kumleta. Lakini chekechea ikikosa mwalimu au paa, huyo ndiye wa kuulizwa, wala asiseme kwamba jambo hilo ni la Nairobi.

Kuajiri waalimu, kuwapeleka shuleni, kuwapandisha vyeo na kuwarudi wanapokosa ni kazi ya Tume ya Huduma za Walimu, ijulikanayo kwa herufi T.S.C. Waalimu wasipotosha, shule nyingi huajiri wengine kwa fedha za wazazi. Msaada huo wafaa kwa muda, lakini haufuti deni la Tume. Mwalimu mkuu na wasimamizi wapaswa kuiandikia Tume kila mara, na wazazi wana haki ya kuuliza kama barua ilikwenda na jibu lilikuwa nini.

Bodi ya usimamizi ndiyo yenye kuitunza shule siku kwa siku. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yataka wajumbe sita wa bodi wawe wawakilishi wa wazazi. Bodi hutunza majengo na mali, husimamia fedha, na huangalia usalama wa watoto.

Mwisho wako wazazi wenyewe. Kumwandikisha mtoto na kuhakikisha anahudhuria masomo ni wajibu wao kwa sheria. Zaidi ya hayo, kila mzazi wa shule ya umma ni mwanachama wa Chama cha Wazazi cha shule hiyo.

Habari ya fedha

Sheria hiyo ya 2013 yakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Michango mingine yaweza kutozwa kwa idhini ya Waziri tu, baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Tena mtoto asikataliwe shuleni kwa sababu mzazi wake hakuweza kulipa mchango huo, na mtu asipokee mchango wowote bila kutoa risiti rasmi.

Hata hivyo haifai kumtwika mwalimu mkuu lawama yote. Tangu 2018 kiasi kilichowekwa kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa kilikuwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Lakini mara nyingi fedha zilichelewa au zilipungua, na katika mwaka wa 2025 Waziri wa Fedha aliiambia kamati ya Bunge kwamba Serikali haiwezi kutoa kiasi hicho chote. Mwalimu mkuu anayedaiwa na mwenye duka la unga, mpishi na kampuni ya umeme yumo katika dhiki ya kweli. Dawa ya dhiki hiyo si kuificha kwa michango isiyo na risiti. Dawa yake ni kuwaonyesha wazazi hesabu: zilizoahidiwa ni kiasi gani, zilizofika ni kiasi gani, na zimetumikaje. Hapo wazazi watajua kwamba mlango wa kubisha ni wa mbunge wao, kwa kuwa Bunge ndilo linalopitisha fedha za nchi.

Makosa hayako upande mmoja. Katika mwaka huo wa 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alitoa taarifa kwamba fedha zilipelekwa hata kwa shule zisizokuwapo. Shilingi iliyokwenda kwa shule ya hewa imetoka katika bakuli la mtoto aliye hai. Basi orodha ya wanafunzi iandikwe kwa kweli, wala asiongezwe mtoto asiyekuwapo.

Ufa usiozibwa

Zamu ikiachwa bila mtu, gharama yake si fedha tu. Usiku mmoja wa Machi 2001 moto ulizuka katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Katika 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, na milango ifunguke kwa nje. Kanuni hiyo haihitaji mtaalamu wa kuitazama. Mzazi yeyote aendaye kumwona mwanawe aweza kuusukuma mlango na kutazama dirisha. Akiona vyuma, aiambie bodi siku hiyo hiyo, na bodi isipofanya neno amwendee afisa wa elimu wa kaunti ndogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Yampasayo mzazi

Kwanza, ahudhurie mkutano wa Chama cha Wazazi, na awachague wajumbe kwa uaminifu wao, si kwa sababu ya mali yao wala ukoo wao. Pili, adai risiti kwa kila mchango na kuitunza. Tatu, lalamiko liwe kwa barua yenye tarehe, na nakala ibaki nyumbani, kwa maana neno la mdomo husahauliwa. Nne, akinyimwa habari, akumbuke kwamba Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo katika ofisi ya umma, na afisa apaswa kujibu katika muda wa siku 21.

Mzazi mmoja akiuliza peke yake huitwa msumbufu, na pengine huogopa kwamba mwanawe ataonewa. Kwa hiyo afadhali wazazi wa darasa zima waulize pamoja, kwa adabu na kwa maandishi. Mwalimu mwema hatachukizwa na swali la namna hiyo, maana wazazi wanaoijua zamu yake ndio watakaomtetea zamu ya mwingine inapoachwa.