Dondoo muhimu: Imani anayoiona mtoto nyumbani

Tumaini kwa Mungu, yaani kumtegemea hata pale jibu linapochelewa, humfikia mtoto zaidi kupitia mwenendo wa mzazi kuliko kupitia katekisimu, ambayo ni mafundisho ya msingi ya imani yaliyopangwa kwa maswali na majibu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Timotheo, mwanafunzi wa mtume Paulo, aliyetanguliwa katika imani na bibi yake Loisi na mama yake Eunike, ingawa baba yake alikuwa Mgiriki. Inafaa mzazi aombe mbele ya watoto kwa maneno yake mwenyewe, hasa ada ya shule inapokosekana au ugonjwa unapoingia nyumbani, wala asiifiche hofu yake, kwa kuwa Zaburi zenyewe zimejaa vilio vya waumini. Kutumia jina la Mungu kumtishia mtoto ili atii, desturi iliyozoeleka mno, huzaa woga tu. Mtoto akiiacha imani, mzazi asimwandame kwa mabishano: Monika, mama yake Mtakatifu Augustino, alishauriwa na askofu mmoja amwombee tu mwanawe, ambaye hatimaye alibatizwa Milan mwaka 387, akiwa na umri wa miaka 32.