HESABU YA WEVI: SOMO KUTOKA KIGALI

Mhariri wa gazeti letu ameniandikia akitaka niwaeleze wanafunzi habari za Kigali, mji ninaokaa na kufundisha sasa, na hasa lile neno linalosikika sana, ya kwamba mji huu una salama kuliko miji mingi ya Afrika. Nimekubali kwa furaha, maana ni kweli kwamba mimi hurudi nyumbani saa nne za usiku kwa miguu kutoka Remera, wala moyo haunidundi. Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu. Neno "kuliko" halipiti mbele ya mwalimu wa hesabu bila kuulizwa: kwa hesabu gani? Nani aliyehesabu, naye alihesabu nini? Basi nimeona kwamba badala ya kuwapa sifa za mji niwape somo, na sifa zitakazobaki baada ya somo zitakuwa za haki.

Kwanza mji wenyewe. Kigali ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani, Dk. Richard Kandt, juu ya kilima cha Nyarugenge. Rwanda ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, mji ulikuwa na watu wapatao 6,000 tu. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta watu 1,745,555. Sasa tuseme (huu ni mfano wangu, haukutoka katika kitabu cha polisi) kwamba katika ule mji mdogo wa zamani nyumba 12 zilivunjwa katika mwaka mmoja. Twaona ni kidogo. Lakini zidisha 12 kwa 100,000 kisha ugawe kwa 6,000, utapata 200: yaani nyumba 200 zilizovunjwa kwa kila watu 100,000. Ili mji wa leo uwe na wevi kwa kiasi kile kile, hapana budi nyumba karibu 3,490 zivunjwe kwa mwaka. Gazeti likiandika "nyumba 3,000 zimevunjwa mjini", msomaji atashika kichwa, na kumbe mji mkubwa umekuwa afadhali kuliko ule mdogo ambamo kila mtu alimjua mwenzake.

Na mji mdogo una hila nyingine. Genge moja la vijana watatu likipita msimu mmoja wa sikukuu na kuvunja nyumba 6, hesabu yapanda kutoka 12 hadi 18, na mtu mwenye ulimi atasema, "Uhalifu umeongezeka kwa nusu!" Hakusema uongo, lakini hakusema kitu. Vijana watatu wakikamatwa, mwakani hesabu itashuka, na mkuu wa polisi atapongezwa. Kwa mji mdogo yafaa kutazama miaka mitano au sita pamoja.

Jambo la pili ni ile namba tunayogawia. Uingereza hutoa hesabu za makosa hata kwa miji midogo, makosa mangapi kwa kila watu 1,000 wakaao pale. Lakini angalieni kile kipande cha katikati ya London kiitwacho City of London, chenye mabenki. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021 walilala pale watu 8,600 hivi. Mchana huingia mamia ya maelfu kufanya kazi. Mchukue kila mfanyakazi aliyeibiwa mkoba mchana, kisha ugawe kwa wale wanaolala pale usiku, na utapata mtaa wa kutisha kuliko yote duniani, hali mabenki yale yanalindwa kama yai. Hata watakwimu wa kule huliweka eneo hilo kando.

Kwetu Kigali mfano wake ni Nyabugogo, kwenye stesheni kubwa ya mabasi. Watu wa Musanze, wa Huye, wa Rusizi, wa Kampala, wote hushukia pale. Mimi naambiwa kila siku, "Nyabugogo ni kwa wevi, shika simu yako!" Nami huishika. Lakini wevi wa Nyabugogo wasihesabiwe juu ya mgongo wa wakazi wa Nyabugogo peke yao, kwa maana wengi wa walioibiwa, na pengine wengi wa walioiba, walikuja asubuhi na kuondoka jioni. Hali ni hiyo hiyo kwa kila mji mdogo wenye soko kubwa au kivuko.

Sasa nafika penye shida hasa. Muhula uliopita niliuliza darasa langu, "Nani kwao wameibiwa kitu tangu Januari?" Mikono ikainuka mingi: kuku, viatu vilivyoachwa mlangoni, nguo zilizoanikwa, simu ndani ya basi. Nikauliza tena, "Nani kwao walikwenda polisi?" Mikono ikashuka, ikabaki miwili. Mmoja alisema mamake aliona kuku hastahili nauli ya kwenda na kurudi. Mwingine alisema mwivi alikuwa mjomba. Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini somo lilikwisha kufundishwa na mjomba yule kuliko nilivyoweza mimi: kitabu cha polisi hakihesabu makosa, kinahesabu makosa yaliyoletwa na kuandikwa.

Waingereza waliligundua jambo hili, wakaanza kuwauliza watu nyumba kwa nyumba kile kilichowapata, wawe wamepeleka habari polisi au hawakupeleka. Uchunguzi wa kwanza wa namna hiyo ulifanywa mwaka 1982 juu ya makosa ya mwaka 1981, na unaendelea hata leo. Mwaka 2014 wakaguzi wao walikuta kwamba hata yale makosa yaliyoletwa polisi, karibu 1 katika kila 5 halikuandikwa. Mwaka huo huo hesabu za polisi za Uingereza na Wales ziliondolewa katika daraja la takwimu rasmi za taifa zinazoaminiwa. Hiyo ni nchi yenye askari polisi wa mji tangu mwaka 1829.

Na Rwanda? Nitatoa mfano wa barabarani, kwa sababu hapo namba zinasemana zenyewe. Kwa mwaka 2016 hesabu iliyotolewa na nchi ya waliokufa katika ajali za barabarani haikufika 600. Shirika la Afya Duniani, kwa kukadiria kwa njia zake, likasema wamezidi 3,000. Mwaka mmoja, barabara zile zile. Sisemi nani ana haki. Nasema kwamba mwanafunzi akiona namba moja aulize kama kuna ya pili. Tangu mwaka 2019 polisi wanaendesha kampeni iitwayo Gerayo Amahoro, yaani fika kwa amani, na kwa maoni yangu mtoto wa shule avukaye barabara ya Kigali na amwogope dereva kabla ya kumwogopa mwivi.

Kuna wakati ambapo namba kupanda ni habari njema. Mwaka 2009 kilifunguliwa Kacyiru, katika hospitali ya polisi, kituo kiitwacho Isange, ambamo mwanamke aliyepigwa au mtoto aliyeharibiwa hukuta chini ya paa moja daktari, askari wa upelelezi na mshauri, bila malipo. Baadaye vituo hivyo vikaenea nchini. Mahali panapofunguliwa mlango kama huo, makosa yaliyokuwa yakifichwa chumbani huanza kuandikwa, na hesabu yaweza kupanda ingawa mapigo ni yale yale au yamepungua. Asiyejua hayo atasema kituo kimeleta uovu.

Hata hivyo, wasomaji, msidhani nimekuja kuubomoa mji unaonilisha. Kampuni ya Gallup, inayouliza watu katika nchi nyingi kama wanajiona salama kutembea peke yao usiku pale wanapokaa, imeikuta Rwanda mara kadhaa miongoni mwa nchi za Afrika ambamo wengi sana hujibu ndiyo. Jibu la namna hiyo halipiti katika kitabu cha polisi, kwa hiyo nalithamini. Linatokana na nini?

Polisi ya taifa ya Rwanda iliundwa mwezi wa Juni mwaka 2000, kwa kuunganisha vikosi vitatu. Upelelezi ulipewa idara yake mbali kwa sheria ya mwaka 2017. Lakini askari peke yao hawawezi kulinda vilima vyote hivi. Chini kabisa pana umudugudu, yaani kijiji au kipande cha mtaa, na chini yake isibo, nyumba kama 15 au 20. Wenzangu wa Tanzania mtakumbuka balozi wa nyumba kumi, na hata hapa watu wazima husema bado "nyumbakumi" kwa Kiswahili chetu. Usiku kuna irondo, doria ya mtaa. Zamani wanaume walikesha kwa zamu, kama sungusungu walioanza kwa Wasukuma na Wanyamwezi miaka ya 1980. Siku hizi katika mji wa Kigali walinzi wa irondo hulipwa, na kila nyumba hutoa fedha yake kila mwezi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi tunafanya umuganda, kazi ya pamoja iliyowekwa na sheria ya mwaka 2007, na baada ya kuweka majembe chini hufanywa mkutano, na usalama haukosi kutajwa: taa iliyokufa, mgeni asiyejulikana, kijana anayekunywa asubuhi. Mgeni akihamia, mkuu wa umudugudu anapaswa kumjua. Mimi nilijulikana kabla sijafungua sanduku.

Hapo ndipo yatupasa kusimama kidogo, kwa maana kujulikana nyumba kwa nyumba ni kisu chenye makali mawili, na mji huu umeyaona yote mawili. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, tangu tarehe 7 Aprili hadi Julai mwaka 1994, mpangilio wa namna hii ndio uliotumiwa: viongozi wa chini walijua nani anakaa wapi, vizuizi vikawekwa njiani, na doria za usiku zikawatafuta watu wa kuua. Umoja wa Mataifa husema waliuawa watu wapatao 800,000. Serikali ya Rwanda imehesabu zaidi ya 1,000,000. Makosa hayo yaliandikwa katika kitabu gani siku zile? Katika wale waliopaswa kuandika, wengi walikuwa upande wa wauaji. Kitabu kiliandikwa baadaye, na wananchi wenyewe wakikaa majanini katika mabaraza ya gacaca, yaliyojaribiwa mwaka 2002, yakaenea nchi nzima tangu mwaka 2005 na kufungwa tarehe 18 Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu 2,000,000. Mzee wa mtaani kwangu hulipa fedha ya irondo siku ya kwanza ya mwezi, hachelewi, wala haulizi risiti. Mimi ni mgeni. Sikuthubutu kumwuliza kwa nini.

Na leo pia kuna watu ambao salama ya mji imewapita kando. Amri ya waziri ya mwaka 2018 inawataja miongoni mwa watu wanaoweza kupelekwa katika vituo vya muda wale wanaoombaomba, wanaozurura, na hata wanaouza vitu barabarani pasipo ruhusa. Kituo kijulikanacho zaidi kiko Gikondo, hapa Kigali. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwaka 2015 na tena mwaka 2020 kwamba watu, na watoto wa mitaani miongoni mwao, wamezuiwa pale bila kufikishwa mbele ya hakimu, na kwamba wengine walipigwa. Serikali husema vituo hivyo ni vya kurekebisha watu na kuwarudisha katika maisha mema. Nami kama mwalimu wa hesabu nauliza swali langu: mwanamke auzaye parachichi kwenye beseni akichukuliwa na kukaa wiki mbili ndani, katika hesabu ya salama ya mji yeye anaingia upande gani? Akiulizwa na wale wa Gallup kama anajiona salama usiku, atajibu nini? Na je, atakuwa nyumbani siku hiyo ili aulizwe?

Kwa wale wanaotaka kujipima, nawaachia fumbo moja. Mji mmoja una watu 24,000, na polisi wameandika makosa 96 kwa mwaka. Mwaka wa pili imefunguliwa stesheni ndogo ya polisi karibu na soko. Watu wamekuwa 25,000 na makosa yaliyoandikwa 132. Tafuteni kwanza ni makosa mangapi kwa kila watu 1,000 katika kila mwaka. Kisha toeni sababu mbili za hesabu kupanda ambazo hazina maana kwamba wevi wameongezeka. Mwisho, soko lile huleta watu 10,000 kila Jumamosi kutoka vijijini: elezeni jinsi mtakavyowahesabu, au kwa nini hamtawahesabu. Nanyi wazee wa shule mlio makazini, jibuni swali hili la mwisho tu, kwa habari za mtaa mnaokaa, mkamletee mhariri.