Jicho Lililomo Ndani ya Gari

Somo letu la safari hii latokana na suala lililoletwa katika darsa yetu hapa Kisumu. Mtu amemkodisha dereva gari lake la taksi, akatia ndani yake kamera bila ya kumwambia, akawa akiwatazama na kuwasikiliza abiria kwa simu yake, naye yumo nyumbani kwake. Je, yafaa?

Kwanza yapasa kukifahamu chombo chenyewe. Magari mengi ya kukodisha, na hata pikipiki za bodaboda zinunuliwazo kwa mkopo, hutiwa kidude chenye laini ya simu. Kidude hicho hupokea ishara za setilaiti, kikajua kilipo, kisha kikampasha khabari mwenye mali. Kikiungwa na waya wa stata au wa pampu ya petroli, mwenye mali huweza kulizima gari kwa ujumbe mmoja, dereva awe Kondele au awe njiani kwenda Port Victoria. Kamera nayo huongeza sura na sauti.

Kujua gari liko wapi ni haki ya mwenyewe, kwani mali ni yake na dereva ameichukua kwa amana. Maadamu dereva ameelezwa akaridhia, hatuoni ubaya. (Kulizima gari lililo mwendoni ni jambo jingine: usukani huwa mzito na breki hupungua nguvu, na roho za watu si rahani ya deni.) Ama maneno ya abiria hayakuwa mali ya mwenye gari hata siku moja. Mume na mkewe wasemezanao siri zao, mgonjwa atokaye hospitali, hao wamelipa nauli. Hawakuuza sitara yao. Mwenyezi Mungu amekataza kupelelezana katika Surat al-Hujurat, aya ya 12. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkemea vikali mtu aliyechungulia chumbani mwake kwa tundu, akabainisha kwamba kutaka idhini kumewekwa kwa sababu ya macho. Basi mwenye kamera mguu wake haukuingia, lakini jicho lake limekwisha kuingia.

Atasema, “Mimi sitazami ila kukitokea wizi.” Huenda ikawa kweli, na dereva wa usiku huogopa wanyang'anyi. Lakini picha haziishii kwake. Aprili 2023 shirika la Reuters lilieleza kwamba wafanyakazi wa Tesla, baina ya 2019 na 2022, walipelekeana wao kwa wao picha za siri zilizochukuliwa na kamera za magari ya wateja. Na mwaka 2015 wataalamu wawili huko Marekani walilizima gari la Jeep barabarani kwa njia ya intaneti, hata magari milioni 1.4 yakaitwa kutengenezwa.

Sheria ya nchi nayo imesema. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 chalinda faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yampa mtu haki ya kuambiwa khabari zake zatumiwaje.

Jawabu yetu: kamera itazamayo barabara yafaa. Ya ndani isitiwe ila kwa ridhaa ya dereva iliyoandikwa, sauti izimwe, na tangazo liwe mlangoni, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, ili asiyetaka apande gari jingine. Ama picha zilizokwisha kuchukuliwa, muulizaji azifute zote, na amweleze dereva wake kabla hajampa tena ufunguo.