Nakiri Yeremia 29:11, mbona kazi haipatikani?

SWALI: Mchungaji, nilimaliza chuo, hadi leo sina ajira. Kila asubuhi nakiri Yeremia 29:11. Mbona mlango haufunguki?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Mwanangu, anza kusoma mstari wa 1, si wa 11. Sura ile ni barua ya nabii Yeremia kwa Wayahudi waliochukuliwa mateka na Nebukadneza mwaka 597 K.K., nayo inataja miaka 70. Wengi walioisikia walizikwa hukohuko Babeli. Katika sura ya 28, nabii wa uongo Hanania alitangaza hekaluni kwamba mateka wangerudi ndani ya miaka miwili tu. Nadhani alishangiliwa sana (manabii wa namna hiyo hawajaisha). Yeremia yeye aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza, tena wauombee amani mji uleule wa adui. Ahadi ya mstari wa 11 ilikuja pamoja na jembe.

Kwa hiyo endelea kuomba, lakini usikatae kibarua eti unangoja ofisi inayolingana na cheti chako. Na anayekudai “mbegu” ya fedha ili mlango ufunguke, usimpe hata shilingi.