Chuma Ndani ya Mfupa: Je, Mwili Hukikataa?

Mwezi huu tujibu swali tunaloulizwa wodini karibu kila juma. Mtu amevunjika paja, daktari ameunga mfupa kwa bamba na skrubu, na ndugu wanauliza: "Sista, hicho chuma hakitashika kutu humo ndani?"

Ni swali la akili. Mwili umejaa maji ya chumvi, na maji ya chumvi hula chuma. Watu wa pwani wanayajua mabati yao. Mwanzoni mwa karne ya 20 mabamba ya wakati ule yaliliwa kweli ndani ya wagonjwa. Siku hizi hutumika chuma kisichoshika kutu, kilichochanganywa na kromiamu na nikeli. Kromiamu ikikutana na oksijeni hufanya ngozi nyembamba sana, isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo ndiyo inayokilinda chuma. Bamba lililotolewa kwa mgonjwa mmoja halitiwi kwa mwingine, hata likichemshwa. Kama hereni au saa ya bei rahisi hukuwasha ngozi, mwambie daktari kabla ya upasuaji, maana huenda ni nikeli.

Kuna na titani. Mwaka 1952 daktari Mswidi, Per-Ingvar Brånemark, aliweka kifaa cha titani katika mfupa wa sungura ili achunguze damu inavyopita. Alipotaka kukitoa hakikutoka: mfupa ulikuwa umekishika! Leo titani hutumika kwa meno ya bandia na kwa viungo vya nyonga. Wengine hukwaruza uso wake, au huupaka madini yanayofanana na ya mfupa, ili mfupa ushike vizuri zaidi. Ni ghali. Kwa kuunga mfupa uliovunjika, chuma kile cha kwanza kinatosha wagonjwa wengi.

Basi, mbona tunasikia kwamba "mwili umekataa chuma"? Mara nyingi waliokataa kutoka ni vijidudu. Hujibandika juu ya chuma, hujifunika utando kama ute, na dawa haiwafikii vizuri. Kijana mmoja aliyeanguka na pikipiki alitokwa usaha kidogo kwenye mshono. Nyumbani wakasema ni damu yake haipatani na chuma, wakamkanda kwa majani miezi mitatu. Alipoletwa, mfupa wenyewe ulikuwa umeoza. Ilibidi kufungua, kuosha na kutoa kila kitu, na mguu ule sasa ni mfupi. Angekuja juma la kwanza, pengine tungeuosha tu na kumpa dawa.

Kwa hiyo mshono ukitoa maji au usaha, ukivimba, ukiwa wa moto, au maumivu yaliyokwisha yakarudi, hata baada ya miaka, usikande. Njoo hospitali siku hiyohiyo, na uje na kadi yako pamoja na picha za eksirei za zamani.