SOMO LA ROBO HII: KIBOMBA KINACHOVUJA KISIUE INJINI



Gari la zahanati, pikapu ya mradi na jenereta ya kituo katika sharika zetu nyingi hutumia injini zinazopozwa kwa maji. Taarifa inayoifikia kamati huwa fupi: "Gari linakula maji." Dereva huongeza maji, safari inaendelea, na wiki inayofuata ni hivyo hivyo. Somo hili linahusu chanzo kimoja cha tatizo hilo ambacho hutengenezeka kwa gharama ndogo kikiwahiwa: vibomba vya chuma ambavyo mipira ya maji huvalishwa, kwenye rejeta, pampu ya maji na injini yenyewe.

Kwa nini tone dogo ni jambo kubwa

Maji ya rejeta hufanya kazi yakiwa na presha. Mfuniko wa rejeta wenye alama ya 0.9 hupandisha kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 20 za Sentigredi. Panapovuja, presha hiyo hupotea. Katika maeneo ya juu hatari huongezeka: Njombe, yapata mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Gari lililobeba mgonjwa likipanda mlima linaweza kuchemsha kabla dereva hajagundua. Tena, maji yakipungua sana, kipimo cha joto kinaweza kudanganya, maana hakigusi maji tena. Matokeo yake ni silinda hedi kupinda na gasketi kuungua. Hapo kazi iliyohitaji klipu na msasa inakuwa kazi ya kufungua injini.

Kwa nini kibomba huvuja

Sababu kubwa ni kutu. Maji ya kisima au mto yana chumvi na hewa ambavyo hula chuma na alumini. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, lakini dawa hiyo huisha nguvu kadiri muda unavyopita. Kutu huanza chini ya mpira, mahali pasipoonekana. Kibomba kikishakuwa na vishimo, mpira mpya haushiki vizuri hata klipu ikikazwa namna gani. Kuikaza kupita kiasi hukata mpira. Sababu nyingine ni mtikisiko wa barabara mbovu, hasa pale kishikizo cha bomba kilipong'oka na hakikurudishwa.

Kutafuta panapovuja

Tazameni alama za unga mweupe, kijani au mwekundu kuzunguka maungio. Kagueni asubuhi injini ikiwa baridi, kwa sababu maungio mengine huvuja chuma kinaposinyaa na kuacha injini ikipata moto. Fundi mwenye pampu ya kupimia ataifunga mahali pa mfuniko, atajaza presha isiyozidi ile iliyoandikwa kwenye mfuniko, na kuangalia kwa dakika 10 hadi 15 kama mshale unashuka.

Hatua za matengenezo

1. Subirini injini ipoe kabisa. Mfuniko wa rejeta ya moto usifunguliwe kamwe. Maji yake huruka na kuunguza.

2. Kingeni kulanti kwenye ndoo safi yenye kifuniko. Ina ladha tamu lakini ni sumu. Iwekwe mbali na watoto, mbwa na mifugo, wala isimwagwe karibu na kisima.

3. Mpira uliogandamana ukatwe kwa urefu, usinyongwe kwa koleo. Kibomba ni chembamba na huvunjika upesi.

4. Safisheni chuma kwa brashi ya waya, kisha msasa laini, mkisugua kwa kuzunguka kibomba.

5. Amueni kwa macho na vidole. Madoa ya juu juu hayana shida. Kibomba chenye vishimo virefu, ufa au ukuta ulioliwa kibadilishwe. Cha shaba kinaweza kulehemiwa. Chembamba cha chuma hutoboka kirahisi kikichomelewa kwa umeme. Gundi ya chuma ni ya kufikia gereji tu.

6. Kibomba kikichongwa na fundi wa mtaani, kiwe na ukingo ulioinuka mwishoni. Klipu ikae nyuma ya ukingo huo, si juu yake.

7. Kibomba cha kufungwa kwa uzi kisafishwe uzi, kipakwe dawa ya kuziba, na kisikazwe kwa nguvu nyingi kwenye alumini.

8. Jazeni kulanti na maji safi, nusu kwa nusu, au kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Toeni hewa, washeni injini mpaka ipate moto, acheni ipoe, kisha kagueni kiwango na kukaza klipu tena.

Dawa za unga za kuziba rejeta zisiwe mazoea. Huweza kuziba pia njia nyembamba zinazopaswa kupitisha maji.

Wajibu wa kamati

Wekeni daftari ndani ya gari. Dereva aandike kila asubuhi kiwango cha maji na kiasi alichoongeza. Akiongeza mara mbili katika wiki moja, gari likaguliwe kabla ya safari ndefu. Bajeti ya mwaka iwe na fungu la kulanti, mipira, klipu na mfuniko wa rejeta.

Ndugu wafadhili, gari hununuliwa mara moja, lakini hutunzwa kila siku. Mnapochangia chombo, ulizeni pia kuhusu fungu la matengenezo. Swali hilo halituvunji moyo, hutusaidia. Luka 16:10 inatufundisha kwamba uaminifu hupimwa katika mambo madogo, na klipu ya mpira ni mojawapo.

Maswali ya kujadili

1. Nani katika usharika wetu hukagua maji ya gari, na huandika wapi?
2. Je, mara ya mwisho tulibadilisha kulanti lini?
3. Gari likikwama leo, mgonjwa atafikaje hospitali?